Barua ya wazi kwa wenye dhamana: Kitabu kimoja kwa mtoto aliye ng'ambo

Kwa wenye dhamana ya elimu, mambo ya nje na lugha ya Kiswahili, Tanzania Bara na Zanzibar.

Waheshimiwa, shikamooni.

Ninaandika kutoka Düsseldorf, Ujerumani, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wawili, na ninakofundisha Kiswahili kila Jumamosi bila cheti wala mshahara. Mwezi uliopita mama yangu alipiga simu kutoka Tanga. Binti yangu wa miaka saba akawahi kuipokea. Bibi akanyamaza, anangoja haki yake kama bibi yeyote. Mtoto akasema kwa furaha zake zote: "Marahaba, bibi!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba nipewe simu, na sauti ilikuwa nyingine. "Hivi mwanangu, huyo mtoto mnamlea au mnamfuga?"

Swali hilo limenikaa kooni, ndilo lililonikalisha niandike. Ila sitaki kuwachosha na malalamiko ya mama mmoja na simu yake. Nataka kuwasimulia habari za watu wengine kabisa, Wajapani, maana wao wamehangaika na jambo hili, la kumfundisha mtoto aliye ng'ambo lugha ya kwao, kwa karibu miaka mia moja na hamsini. Wamekosea mengi, wamepatia machache, na moja katika hayo machache liko ndani ya uwezo wetu.

Mlango wa pili kutoka kwetu kuna familia ya Kijapani. Hapa hilo si ajabu. Kampuni za Japani zilianza kuja Düsseldorf miaka ya 1950 kufuata chuma na mitambo ya bonde la Ruhr, na leo ukipita mtaa wa Immermann mchana, harufu ya supu ya tambi inakufuata mlango kwa mlango. Mwaka 1971 walifungua shule yao ya kutwa ng'ambo ya mto, upande wa Oberkassel. Mtoto wa jirani yangu hasomi huko. Anasoma shule ya Wajerumani pamoja na wanangu, na Jumamosi, wenzake wakiwa bado wamelala, anakwenda shule ya nyongeza ya Kijapani, ile wenyewe wanaiita hoshuko.

Ijumaa jioni ndiyo siku ya kilio. Nilikaa jikoni kwao Ijumaa moja nikinywa chai, nikatazama. Daftari lao lina miraba mikubwa, na kila mraba umegawanywa kwa nukta nukta ili mtoto ajue herufi ikae wapi. Usiku ule ilikuwa zamu ya herufi ya "bahari": mistari tisa, kila mmoja na nafasi yake kwenye foleni. Mtoto akitanguliza usio wake, mama hasemi kitu, anachukua kifutio. Mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kabla hajamaliza shule ya msingi anatakiwa awe na herufi 1,026 za namna hiyo kichwani. Kwenye mraba wa saba machozi yakadondokea bahari. Mama akamkatia kipande cha tufaha, wakaendelea.

Kilichonishika mimi si daftari, ni kitabu kilichokuwa pembeni yake. Nilikigeuza nyuma nikaona maandishi madogo, nikamwomba jirani anisomee. Kwa Kiswahili changu yanasema hivi: kitabu hiki umepewa bure kwa kodi za wananchi, kwa matumaini waliyonayo kwenu ninyi mtakaoibeba Japani ya kesho, kwa hiyo kitunzeni. Ndivyo vinavyoandikwa nyuma ya vitabu vya shule vya Japani nzima. Na huyu mtoto, aliyezaliwa Ujerumani, anayeota ndoto zake kwa Kijerumani, alipewa chake na ubalozi mdogo wa Japani hapa hapa mjini.

Mimi vitabu vyangu vya darasa la kwanza na la pili nilivibeba kutoka Dar es Salaam ndani ya begi la nguo, katikati ya unga wa muhogo na dagaa. Mpaka leo ukifungua ukurasa wa hadithi ya sungura unakutana kwanza na dagaa.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi kwamba serikali ya Japani iliamka asubuhi moja ikawakumbuka watoto wake. Haikuwa hivyo hata kidogo. Aliyeanza ni mzazi. Mwaka 1877, mwaka mmoja tu baada ya mkataba uliofungua bandari za Korea, Wajapani waliohamia Busan kufanya biashara walijianzishia shule. Mwaka 1888 Shanghai ikapata yake, iliyoanzishwa na watawa wa hekalu la Kibuddha. Singapore 1912, Manila 1917. Utaratibu ulikuwa mmoja kila mahali: wanatangulia wachuuzi na vibarua, wanafuata wake zao, wanazaliwa watoto, halafu siku moja mzazi anashtuka kwamba mtoto wake hawezi kumwandikia barua babu yake.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatoka Hawaii. Wajapani walipelekwa huko kwa mikataba ya kazi kuanzia 1885 kukata miwa. Mchungaji mmoja, Takie Okumura, alikutana na binti mdogo wa Kijapani akamuuliza mama yake yuko wapi. Mtoto akamjibu kwa sentensi moja yenye Kiingereza, Kihawaii na Kijapani ndani yake, kwamba mama yuko kibaruani. Mchungaji hakucheka. Mwaka 1896 alifungua shule ya lugha Honolulu. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliisikia ile "Marahaba, bibi" masikioni mwangu, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka mia.

Shule hizo za Hawaii zilikuwa za saa moja au mbili, mtoto akishatoka shule ya serikali. Hata hivyo wakubwa wa visiwa walizitilia shaka. Kuanzia 1920 zikatungwa sheria: mwalimu awe na leseni, ajue Kiingereza na historia ya Marekani, saa za masomo zipunguzwe, na baadaye kila mwanafunzi alipiwe dola moja kwa mwaka. Wazazi waligawanyika. Kuna waliosema tukubali yaishe, kuna waliosema twende mahakamani. Mhariri wa gazeti moja la Kijapani, Fred Makino, aliwasukuma hao wa pili mpaka kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1927 wakashinda. Mahakama ilisema mzazi ana haki ya kumfundisha mwanawe lugha anayoitaka, bila serikali kumbana kwa kanuni za kumnyima pumzi. Waliobeba kesi hiyo walikuwa wakata miwa na wauza duka, waheshimiwa. Ubalozi haukuwabebea.

Nitawatendea haki watawala wa Tokyo vilevile. Mwaka 1906, bodi ya elimu ya San Francisco ilipoamuru watoto wa Kijapani, 93 tu kwa hesabu, watolewe katika shule za kawaida na kupelekwa shule ya watoto wa Kiasia, Japani ilipiga kelele mpaka rais Theodore Roosevelt akaingilia. Watoto wakarudishwa. Bei yake ilikuwa kubwa: Japani ilikubali kuacha kuwapa vibarua hati za kwenda Marekani. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kufika akasoma, na baba wa mtoto mwingine akafungiwa njia. Siasa za mambo ya nje ndivyo zilivyo, ninyi mnazijua kuliko mimi.

Upande wa Brazil mambo yalikwenda vibaya zaidi. Meli ya kwanza ya wahamiaji, Kasato Maru, ilitia nanga Santos mwezi Juni 1908, watu wakaenda mashamba ya kahawa. Mwaka 1915 shule ya Kijapani ilikuwa imefunguliwa São Paulo, na baadaye karibu kila kijiji cha Wajapani kilikuwa na banda lake la kusomea, lililojengwa na wazazi kwa mikono yao. Kisha ikaja serikali ya Getúlio Vargas na kampeni ya kumfanya kila mtu Mbrazili. Mwaka 1938 shule za lugha za kigeni zikafungwa. Yakafuata magazeti. Mtu mzima asiyejua Kireno akabaki hana gazeti la kusoma, na mtoto wake akabaki hana mwalimu wa kumfundisha kusoma lugha ya nyumbani.

Mnajua kilichofuata? Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, maelfu kwa maelfu ya Wajapani wa Brazil hawakuamini. Walisema ni uzushi, Japani imeshinda, meli zinakuja kutuchukua. Kikundi kilichojiita Shindo Renmei kikaanza kuwaua Wajapani wenzao waliothubutu kusema ukweli, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Waliodhani ukiifungia jamii lugha yake itayeyuka kimya kimya, waliyaona hayo.

Marekani nako kulikuwa na kioja chake. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, shule za lugha za Kijapani zilifungwa na walimu wake kukamatwa. Lakini wiki chache tu kabla ya hapo, Novemba mwaka huohuo, jeshi la Marekani lilikuwa limefungua San Francisco chuo cha siri cha kufundisha wakalimani wa Kijapani, na karibu wanafunzi wote walikuwa vijana wa Kimarekani wenye asili ya Japani. Walipowapima vijana hao kwanza, waligundua kwamba wanaokijua Kijapani sawasawa walikuwa wachache mno. Lugha iliyokuwa hatari midomoni mwa watoto, jeshi lilikuwa linaitafuta kwa udi na uvumba.

Nacheka, lakini nacheka na sisi pia. Hapa Ujerumani kijana wa Kijerumani akitaka Kiswahili atakipata chuo kikuu, Leipzig au Bayreuth, na mhadhiri na maktaba. Bonn, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka nilipo, Deutsche Welle wanatangaza kwa Kiswahili kila siku. Mtoto wa Mtanga hapa mjini ana mimi, na kurasa za dagaa.

Na kabla sijaonekana kama ninawapigia Wajapani debe, niseme lile baya. Katika shule zile za kabla ya vita, mtoto alisomewa tamko la elimu la mfalme wao la 1890 na kuinamia picha yake, hata akiwa maelfu ya maili kutoka Tokyo. Huko Korea, Taiwan na Manchuria shule za Wajapani zilikuwa mkono wa ukoloni, zikiwa na madawati mazuri huku mwenye nchi akifundishwa kuisahau lugha yake. Mtoto hapelekewi kitabu ili awe askari wa mtu. Tukianza kuwapelekea wanetu vitabu, tuwapelekee hadithi ya sungura. Hotuba zinaweza kubaki nyumbani.

Vita viliyafuta hayo yote, shule zikafungwa, watu wakarudishwa kwao mikono mitupu. Walianza upya kidogo kidogo. Shule ya kwanza baada ya vita ilifunguliwa Bangkok mwaka 1956 chini ya kivuli cha ubalozi. Mwaka 1958 familia zilizokuwa Washington zikaanzisha shule ya Jumamosi, hoshuko ya kwanza ya kipindi hicho. Kampuni zilipozidi kutuma wafanyakazi nje, akina mama waliogoma kuwaacha waume waende peke yao walizidi nao, na shule zikazaa shule. Leo kuna shule za kutwa tisini na kitu katika nchi karibu 50, na hoshuko zaidi ya 200. Kwetu Afrika za kutwa ziko Cairo, Nairobi na Johannesburg. Bangkok imekuwa kubwa, imewahi kuwa na watoto zaidi ya elfu mbili, na huko hujifunza Kithai pia. Shanghai, mwaka 2011, ikaongeza hadi sekondari ya juu.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu hudhani shule hizo ni za serikali. Si za serikali. Katiba ya Japani, ibara ya 26, inasema elimu ya lazima itolewe bure, lakini serikali imeshikilia kwamba mamlaka yake yanakomea mpakani. Kwa hiyo shule ni mali ya jumuiya ya Wajapani wa mahali hapo, ada inalipwa na mzazi au mwajiri wake, na kamati ya wazazi ndiyo inayoumwa kichwa na kodi ya jengo. Serikali inaongezea. Inachagua walimu kutoka shule za umma za mikoani na kuwatuma kwa miaka michache, inasaidia sehemu ya kodi ya nyumba, na hoshuko yenye watoto mia moja na zaidi inaweza kupata mwalimu wa kutumwa. Makampuni nayo yaliunda taasisi yao ya elimu ya watoto walio ng'ambo mwaka 1971, iwashauri wazazi na kugawa vitabu. Sheria kamili, inayosema wazi kwamba serikali ina wajibu kwa elimu hiyo ya ng'ambo, ilipitishwa Juni 2022. Hesabuni wenyewe: miaka 145 baada ya Busan.

Lakini kitabu cha bure hakikusubiri sheria hiyo. Kitabu kilikuwa kinatolewa tangu miaka ya 1960. Hata kwa mtoto asiye na shule ya Kijapani karibu, hata akiwa peke yake katika mji mzima, kitabu kinatolewa. Kitu ambacho hakihitaji jengo wala mwalimu ndicho kilichofika mbali zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo hatuna budi kulijua, la mtoto anaporudi. Japani iliwaita kikokushijo, watoto waliorejea, na miaka ya 1960 na 1970 iliwapokea kama wagonjwa. Walimu walikuwa na msemo wao, gaikoku-hagashi, maana yake kumbandua mtoto ugeni kama unavyobandua karatasi ukutani. Jirani yangu yalimkuta mwenyewe. Alikulia Marekani, akarudi Osaka akiwa na miaka kumi na miwili. Kwenye somo la Kiingereza mwalimu alimwita asome kwa sauti. Akasoma kama alivyozoea kuzungumza. Darasa likaguna, na mwalimu, ambaye matamshi yake mwenyewe yalikuwa ya kubahatisha, akamwambia aache maringo. Kuanzia siku hiyo alijifunza kukosea. Alirudi nyumbani akafanya mazoezi mbele ya kioo, akayavunjavunja yale maneno mpaka yakafanana na ya wenzake. "Nilipata alama mia kwa kusahau," aliniambia, huku anamenya tufaha la mwanawe.

Baadaye nchi ikashtuka kwamba inatupa mali. Mwaka 1978 ikafunguliwa sekondari ya ICU, chuo kikuu cha Kikristo cha kimataifa, pale Koganei, nje kidogo ya katikati ya Tokyo, theluthi mbili ya wanafunzi wake wakiwa waliorejea, na vyuo vikuu vikaanza kuwatengea nafasi. Ikaenda upande wa pili mpaka wengine wakanung'unika kwamba wanapendelewa. Ila kizazi kizima kilikuwa kimeshafanya mazoezi mbele ya kioo.

Wala hawajamaliza kukosea. Tangu 1990, sheria ya uhamiaji ilipolegezwa, wajukuu wa wale waliopanda Kasato Maru walirudi Japani kufanya kazi viwandani, wakiongea Kireno. Elimu ya lazima haimlazimu mgeni, kwa hiyo watoto wao walikuwa wakipotea bila kuulizwa. Wizara ilipokuja kuhesabu mwaka 2019, ilikuta watoto wa kigeni karibu 20,000 ambao huenda hawako shule yoyote. Nchi inayompelekea mtoto wake kitabu Düsseldorf ilikuwa haijui mtoto wa jirani yake yuko wapi. Nimeliweka hapa ili asije mtu akasema nimemezwa na ustaarabu wa watu.

Sasa nije kwetu.

Waheshimiwa, siombi shule. Shule ya kutwa ni gharama, na ina ukuta: kuna watoto wa Kijapani waliokaa nchi za watu miaka minne wakatoka bila kujua kuomba maji kwa lugha ya mwenyeji. Siombi mwalimu wa kutumwa. Siombi hata nauli. Naomba kitabu, kimpitie mtoto mkononi kutoka ubalozini, kikiwa na maandishi nyuma yanayomwambia ni nani aliyekilipia.

Najua vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo mtandaoni, na nimevitumia, asanteni. Nilichapa kurasa arobaini kazini kwangu, bosi akaniuliza kama nafungua kiwanda. Lakini vitabu vile vimeandikwa kwa mtoto anayekisikia Kiswahili sokoni, msikitini, kanisani, kwenye daladala. Vinampa sarufi ya kitu ambacho tayari kimo masikioni mwake. Mtoto wangu hana daladala. Anasema "kiti yangu" na "mkate kikubwa", na hakuna konda wa kumcheka. Hata Wajapani waligombana juu ya hili: hoshuko ilikuwa inafundisha kwa kitabu cha Tokyo, kwa mtoto atakayerudi Tokyo baada ya miaka mitatu, lakini madarasa yakajaa watoto ambao hawarudi, waliozaliwa na mama Mjapani na baba Mjerumani au Mmarekani. Wakaanza kuzungumzia lugha ya urithi, keishogo, inayofundishwa kwa njia yake. Mabishano hayajaisha, ila angalau wanabishana wakiwa na vitabu mezani.

Kwa hiyo ombi langu lina sehemu ya pili, ndogo. Kaeni na walimu wa Jumamosi. Si mimi tu. Wapo London, wapo Muscat, wapo Toronto, wanafundisha sebuleni na kwenye kumbi za makanisa na madrasa, kila mmoja akivumbua gurudumu lake. Tungepata mwongozo mmoja wa kumfundisha Kiswahili mtoto anayekisikia kwa mama yake peke yake, tungejua tuanzie wapi. BAKITA na BAKIZA, mabaraza yetu ya Kiswahili, wana wataalamu wa kuuandika, na sisi tuna watoto wa kuujaribia.

Nasikia mtu anauliza: hao ni raia wa nani? Ni swali la haki. Sheria yetu haitaki uraia pacha kwa mtu mzima. Ya Japani pia haitaki, mwenye uraia wa nchi mbili anatakiwa achague akishakua. Lakini hawasubiri achague ndipo wampe kitabu. Wanampa akiwa na miaka sita, wakijua kabisa kwamba huenda akachagua upande mwingine. Wanangu mpaka wafike miaka kumi na minane ni Watanzania kwa sheria. Baada ya hapo watajua wenyewe, na mimi nisingependa wachague wakiwa hawawezi kuisoma fomu.

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, tunapongezana. Mwaka jana nilivaa kanga yangu nikaenda kwenye sherehe, nikala sambusa, nikasikiliza jinsi lugha yetu inavyopasua anga. Pembeni yangu walikaa watoto sita wa Kitanzania wakitafsiriana hotuba kwa Kijerumani. Niliandikia ofisi moja ya umma baada ya hapo, sitaitaja, nikaomba vitabu kumi. Nilijibiwa kwa adabu kwamba barua imepokelewa. Naamini ilipokelewa. Ndiyo maana safari hii nimeandika ya wazi.

Darasa letu lina watoto kumi na mmoja: wanne wangeanza na kitabu cha darasa la kwanza, watano cha darasa la pili, na wawili, ndugu kutoka Pemba, wanasoma vizuri kiasi cha kunisahihisha, hao wapeni cha darasa la nne. Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa parokia, ambacho padri anatuachia bure tukiahidi kufagia. Sanduku likija siku ya kazi mtu wa posta asibonyeze kengele ya mbele, ni mbovu. Azunguke uani, agonge dirisha, yule mama wa jikoni anatufahamu.

Mama yangu anawasalimu. Binti yangu ameniomba aandike mwenyewe mstari wa mwisho, na sikumsahihisha:

Shikamoo wakubwa. Mimi nataka kitabu yangu.

Wenu,
Mzazi na mwalimu wa Jumamosi,
Düsseldorf